Mfuko na Masikio Yake

Katika mtaa ule, saa ya ukutani ikisimama, watu walisikiliza cherehani. Ikianza kulia kwenye nyumba ya mlango wa kijani, basi kumekucha na Fundi yuko kazini. Alikuwa mke, mama na mshonaji, na yote matatu aliyaweza. Lakini tuseme ukweli, kilichompa kiburi ni mishono yake. Ilikuwa midogo, imebanana, imenyooka. Ungehitaji miwani kuiona.

"Mshono mrefu ni wa mvivu," alipenda kusema. Na nani angembishia? Sare za shule alizoshona zilirithiwa na wadogo wa wenye sare zikiwa bado nzima.

Mama mkwe wake tu ndiye hakuwahi kumsifu. Aliishi nao, alikula nao, alivaa magauni aliyoshonewa bure. Akiulizwa gauni likoje, alijibu, "Linavalika." Maneno yakaishia hapo.

Siku moja alikuja wakala amebeba jora la kitambaa cha bluu begani.

"Hiki kimetengenezwa nchi moja, kikapita bahari kuja hapa," alisema. "Nataka mifuko. Ikishashonwa, itapita bahari nyingine kwenda kwenye maduka ya nchi ya tatu. Kule watu wamekatazwa ile mifuko laini ya kutupa. Wanataka mfuko wa kwenda nao dukani leo, kesho na mwakani."

"Basi mfuko utakuwa umetembea kuliko mimi," alisema mume wa Fundi.

"Kuliko sisi sote. Ijumaa nitakuja kupima mmoja. Ukifaulu, kazi ni yenu, na mafundi wengine wawili watapata cha kufanya. Usipofaulu, nachukua jora langu."

Jioni ile ile Fundi aliwaambia wenzake wawili wajiandae. Halafu akashona mfuko wa kwanza kwa mishono midogo kuliko yote aliyowahi kushona. Mama mkwe aliuomba aende nao dukani.

Alirudi miguu imejaa unga mpaka magotini. Mkononi alishika mishikio miwili mitupu.

"Mfuko umebaki njiani na unga wake," alisema. "Mimi nimekuja na masikio."

Mume alianza kucheka. Akaona uso wa mkewe, akakimeza kicheko.

Fundi aliitazama ile mishikio. Uzi haukuwa umekatika hata kidogo. Kitambaa ndicho kilichoachia, tena sawasawa kwenye mstari wa mshono. Akajiambia kuwa hakubana vya kutosha. Akashona mfuko mwingine, akapitisha mistari mitatu badala ya mmoja, yote midogo. Mumewe akaujaza chupa za maji na kuuinua. Ulichanika kabla hajafika mlangoni.

Fundi aliisukuma cherehani kando. Aliumia kweli. Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na wenzake alikuwa ameshawapa matumaini.

Hapo ndipo akaingia jirani yao, mkaguzi wa ghala la mizigo iendayo nje. Alifuata gauni lake, akakuta msiba wa mifuko.

"Dada, unajua hiki ni nini?" aliuliza, akiokota kipande.

"Kitambaa."

"Jina ndilo linalokuponza. Hebu nichomolee uzi mmoja."

Fundi alitafuta uzi ukingoni kwa kucha. Hakuupata.

"Huupati, kwa sababu hakikufumwa," alisema mkaguzi. "Hii ni plastiki. Huyeyushwa, ikavutwa iwe nyuzi nyembamba, zikatandazwa na kubanwa kwa joto. Nipe karatasi na sindano."

Akatoboa karatasi matundu yaliyokaribiana. Akaivuta. Ilikatika kwenye mstari, safi kabisa. Akatoboa nyingine, matundu yakiwa mbalimbali. Akaivuta, nayo ikashikilia.

"Nguo ya kufumwa, sindano hupenya katikati ya nyuzi," alisema. "Hiki hutobolewa, na tundu halijifungi. Kwa hiyo ulikuwa unashona na kukata kwa wakati mmoja."

"Yaani kosa ni uhodari wangu?" aliuliza Fundi.

"Uhodari unao. Umeuweka tu pasipo pake. Refusha mshono. Kunja ukingo mara mbili. Mshikio ushushe chini zaidi, ushone umbo la mraba, halafu msalaba ndani ya mraba, ili uzito ugawanyike. Na pasi ya moto usiiguse, itauyeyusha."

"Ukichafuka je?" aliuliza mama mkwe.

"Maji baridi na sabuni, kwa mkono. Uanike kivulini, maana jua kali huuchakaza. Na usiuchome moto, mama, wala usiutupe ovyo. Faida ya mfuko huu ni kurudiwa. Ukichanika siku ya kwanza, ni taka kama ile mingine."

Kidude cha kurefusha mshono kilikuwa hakijaguswa kwa miaka mingi. Kilikuwa kigumu. Fundi alikizungusha kwa aibu, kama mtu anayetoka nje na nguo ya kulalia.

"Karibu kwenye uvivu," mumewe alimtania.

"Mwache mvivu afanye kazi," alijibu Fundi.

Ijumaa wakala alitundika mfuko mpya kwenye msumari wa mlango. Akatia pakiti za sukari, moja baada ya nyingine. Akautikisa. Akaongeza matofali mawili, akautikisa tena. Wenzake Fundi walisimama dirishani wakitazama. Mfuko ulinyooka, ukatulia. Wakala akaugeuza ndani nje, akaipapasa ile misalaba.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Jirani kanifundisha," alisema Fundi. "Mkono ni wangu."

Kazi ikaja. Sasa pale nyumbani zinalia cherehani tatu, na mifuko huondoka kwa maboksi. Ule wa kupimia mama mkwe aliuchukua bila kumwomba mtu. Huufua kwa maji baridi na kuuanika kivulini, wala haruhusu mwingine aushike.

Juzi alikwenda nao dukani, Fundi akiwa nyuma yake.

"Bibi, mfuko mzuri huu," alisema muuzaji. "Umetoka ng'ambo?"

"Wenzake ndio waliokwenda ng'ambo," alijibu mama mkwe. "Huu kashona mke wa mwanangu. Uvute uone."

Muuzaji aliuvuta. Fundi alijifanya anachagua vitunguu, lakini furaha ilimjaa mpaka kimoja kikamponyoka.

Nyumbani, mama mkwe aliuweka mfuko mezani mbele ya mwanawe.

"Leo nimekuja navyo vyote," alisema. "Unga, mfuko na masikio yake."