Makofi Ndani ya Dashibodi

Flasha ilikuwa kifuani mwa Venanti, imeng'olewa, haijaungwa na waya hata mmoja, nayo ikaendelea kugonga. Ta-ta. Ta-ta.

Ubaya ni kwamba alikuwa ameshaiitikia.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la zamani, la viti viwili, la chini kiasi kwamba ukiliegesha hapa Kasulu kuku anakutazama machoni. Lukmani, muuza vitenge, alilileta ili binti yake Asmahani aende nalo kuolewa Kibondo. Shida ilikuwa moja tu: indiketa. Ya kulia imekufa, ya kushoto inawaka ikitaka yenyewe. Venanti akaanza na globu, nzima. Fyuzi, nzima. Akakwangua kutu kwa msasa pale taa inapogusa bodi, maana magari mengi ya namna hiyo betri yake huungwa kinyume, chanya ndiyo inakaa kwenye bodi, na kutu kidogo tu hukata njia. Mwisho akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje kama mtu ambaye chatu amemmeza nusu akakinai, akang'oa flasha, kile kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzima.

Hapo ndipo aliposikia makofi. Ya polepole, ya viganja vilivyokunjwa kidogo, kama mzee wa Kiha anavyousalimu mji wa mtu kabla ya kuingia. Muha hawezi kusikia makofi hayo akanyamaza. Hata akiwa usingizini mikono huitikia. Venanti akaiweka flasha kifuani, akapiga yake, akasema, "Mwidiwe! Karibu ndani."

Akachungulia. Uani hapakuwa na mtu, mvua tu.

"Baba Deborah, unaongea na nani?" Esteri, mkewe, aliuliza kutoka jikoni.

"Na flasha."

"Ikikujibu uniite."

Mzaha haukudumu. Asubuhi nyumba ilinuka waya ulioungua na udongo mbichi, ule wa shimo refu. Kiti cha Venanti kilikuwa kimelowa, na paa halikuvuja. Esteri akamkuta mumewe amepiga magoti mbele ya kiti hicho, ameshika birika, anamnawisha mtu ambaye hayupo. Na maji hayakufika sakafuni.

Lukmani alipokuja mchana kuuliza gari lake, aliangalia birika, akaangalia kiti, akabaki amesimama mlangoni.

"Fundi," alinong'ona, "uliitikia makofi?"

"Sasa ningefanyaje? Mgeni amebisha!"

"Yule Mzungu wa kule Makere aliyekuwa na hili gari hakuwa anamsalimu mtu. Asubuhi, jioni, kimya. Jini lililomo garini likakaa naye miaka na miaka, likakosa wa kulikaribisha. Ila mpishi wake aliitikia. Mkewe naye akaitikia. Nyumba yao ipo mpaka leo, mlango wazi, na hakuna anayelala humo isipokuwa mgeni."

"Ulijua haya ukaniletea gari?"

"Nilidhani ni maneno ya watu. Nisamehe, ndugu yangu. Kwetu sisi ni salamu alekum, nani angefikiria makofi?"

Esteri alikuwa akipepeta maharage. Akauweka ungo chini.

"Kwa hiyo linanisubiri mimi," alisema. "Mwanamume kupokea mgeni uani si kitu. Mgeni hajafika mpaka mwenye jiko aitikie."

"Mama, twendeni kwanza kwa jirani," Lukmani alisema. "Namjua sheikh mmoja Kibondo..."

"Tofali za nyumba hii nimefyatua mwenyewe, nina mimba ya Deborah. Nihamie kwa jirani kwa sababu ya taa ya gari? Sihami."

Ta-ta, likajibu gari.

Venanti alikimbilia uani akafungua waya za betri, zote mbili, akaibeba betri yenyewe akaitupa kwenye matope, na taa ya kushoto, ile inayoelekea nyumba, ikaendelea kuwaka na kuzima, na kila ilipowaka makofi yalisogea, kwanza kwenye dashibodi, kisha kizingitini, kisha ndani kabisa pale jikoni, mepesi sasa, ya heshima, ya mwanamke aliyepiga magoti, na harufu ya udongo ikapanda mpaka machozi yakawatoka, na Esteri akaiona mikono yake mwenyewe ikiinuka kutoka mapajani, viganja vikitazamana, vikikaribiana kama vya mtoto anayefundishwa adabu.

"Esteri!" Venanti aliita.

Mikono ilibakiza upana wa kidole. Esteri akatoka nayo hivyo hivyo mvuani, akaibamiza kwenye buti la gari, akaishikilia hapo.

"Mikono inayosukuma haipigi makofi!" alisema kwa meno yaliyofungana. "Shika usukani! Na wewe Lukmani, kunja kanzu yako usukume!"

"Na harusi je?"

"Asmahani ataolewa kwa bajaji!"

Wakasukuma. Usukani ulijikata kushoto, kuelekea nyumba, na Venanti akaung'ang'ania kwa uzito wake wote. Taa ikawaka kushoto. Esteri akatoa mkono mmoja nje kama dereva wa zamani, akaunyoosha kulia.

"Umeona? Tunakwenda huku. Hujaulizwa!"

Gari liliguna, likavuka geti, likashika mteremko peke yake, likashuka kati ya mikaratusi taa ikiwaka kushoto hadi mvua ikalifunika. Lukmani alikaa kwenye matope na kanzu yake nyeupe, akacheka kama mwendawazimu. Esteri akalifunga geti kwa komeo na kuliegemea kwa mgongo.

Ndipo akaisikia sauti upande wa pili wa bati la geti, karibu na sikio lake. Ilikuwa ya mama yake, aliyemzika mwenyewe.

"Esteri, mwanangu. Nanyeshewa huku."

Venanti alimtazama mkewe. Machozi ya Esteri yalichanganyika na mvua usoni pake.

"Nyeshewa," alisema Esteri, akaenda kuinjika maharage.