Barabara ya Cikadu

Haya sikuyaona mimi, yalimpata rafiki yangu Lastri, mchora ramani katika ofisi moja huku kwetu Java. Alitumwa kukifuta kijiji cha Cikadu, kilichozamishwa na bwawa, kwenye faili la ramani ambalo ofisi zote hulichukua mtandaoni. Alikifuta asubuhi. Mchana Dadan wa kikosi cha uokoaji akampigia simu.

"Dada, utani gani huu? Nyumba za Cikadu bado zipo kwenye ramani, na boti zangu zinaifuata."

"Nimezifuta, kaka. Labda hujanywa kahawa."

Akazifuta tena. Mvua ikashuka, umeme ukakatika, na chumba cha mitambo kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Lastri akaingia akipapasa ukuta. Kompyuta kuu iliyotunza faili hilo ilikuwa imezimika, lakini ndani yake kitu kilikwaruza taratibu, kama kalamu juu ya karatasi. Hakusogea mpaka umeme uliporudi.

Alipofungua faili, nyumba zote za Cikadu zilikuwepo. Barabara ya kijiji nayo ilikuwepo, ila haikuishia tena majini. Ilipanda ukingoni, ikavuka mashamba ya mpunga, ikafika hadi mlangoni mwa ofisi yao.