Picha ya Mong'ina

Jay alikuwa amelala kifudifudi katika chumba cha kusafishia picha, nyuma ya studio ya baba yake mjini Kisii. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na stendi ya kamera iliyolowa damu.

Inspekta Omwenga aliokota karatasi iliyokunjwa chini ya maiti. Ilikuwa picha iliyochapishwa kwa kompyuta: msichana akitoka kuoga, leso imemponyoka.

"Unamjua, mzee Haresh?"

Baba wa marehemu aligeuza uso. "Filamu ilisafishwa hapa. Aliileta Loice, akaichukua mwenyewe. Mtoto wangu hakubaki na kitu."

Loice alisoma kompyuta chuoni, na alilala chumba kimoja na msichana wa pichani, Mong'ina. Picha hiyo ilikuwa imezunguka chuo kizima kwa barua pepe. Kisha nakala zikabandikwa sokoni Kebirigo, kwao Mong'ina. Aliacha masomo, hata kanisani hakuonekana tena.

"Aliyeituma ni nani?" Omwenga alimuuliza Loice.

"Sijui, afande."

"Msimamizi wa kompyuta alikuona ukiiingiza kwenye mashine."

Loice alianza kulia. "Nilitaka wachache tucheke tu. Sikujua itafika mbali."

"Nani mwingine alikuuliza?"

"Makori, kaka yake. Alikuja amekasirika. Niliogopa. Nikamwambia ni Jay wa studio."

Makori alikamatwa Kebirigo, akichuma majani chai. Alama za vidole vyake zililingana na zile za kwenye stendi. Hakubisha.

"Dada yangu alikuwa hali chakula, afande. Watoto walimzomea njiani. Nilimwonyesha Jay picha, akakana. Nikaona ananidharau. Nikampiga."

"Alisemaje?"

"Aliapa si yeye."

Omwenga alifunga daftari. "Alisema kweli. Ni Loice."

Makori alimkodolea macho. "Jay aliniita ndugu yangu," alisema. "Aliniita ndugu yangu, na mimi nikampiga."

Omwenga alipotoka, alimkuta Loice kwenye benchi la kituo. Alikuwa ameshaandikisha maelezo yake.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Utaitwa kortini kama shahidi."

"Na kesi yangu mimi?"

"Nimetafuta, binti. Sijapata sheria ya kukushtaki kwa ile picha; sheria zetu bado hazijaifikia barua pepe."

Loice hakuinuka. Watu wa zamu ya usiku waliingia, wakamkuta angali pale.