Kioo Kwenye Ufa

Siku walipokutana, duka la vioo lilijaa watu mpaka kwenye ngazi. Mwanamke mmoja alisukumana hadi kaunta, gauni la kijani lina tope magotini, akaagiza vipande arobaini vya kioo chembamba, kila kimoja urefu wa kidole.

"Vya kujitazamia jicho moja moja?" fundi vioo akauliza bila kuinua uso. Alipouinua, kwisha habari yake.

Mwanamke akacheka, akamweleza kuwa yeye ni mtafiti wa maji ya ardhini. Maji ya chini ya mji ndiyo yaliyokuwa yakiibeba ardhi. Visima vimeyavuta miaka nenda miaka rudi, udongo umejibana, unashuka, na nyumba zinashuka nao. Kioo hubandikwa kwa plasta juu ya ufa wa ukuta. Kikipasuka, ardhi inatembea, na watu inabidi wahame. Fundi alivikata vile vipande akivipima mara mbili mbili, yeye aliyezoea kukata huku akipiga soga.

Basi wakapendana, na usiniulize haraka ile ilikuwa ya nini. Kila Jumamosi fundi alimbebea ngazi. Wakapanga kuoana na kuishi kwa mama yake fundi, chumba cha nyuma. Humo namo mlikuwa na ufa. Mtafiti akabandika kioo kwa mkono wake, akakichora tarehe. Tangu hapo, kila asubuhi alimpigia fundi simu kuulizia kioo.

"Mgonjwa wetu ameamkaje?"

"Mzima, mpenzi. Anakusalimia."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye hoi. Njoo unitibu."

Kwa hiyo mtafiti akautoa mtaa ule kwenye orodha ya mitaa ya kuhamishwa, akapeleka ripoti. Masikini, alifurahi mno siku hiyo, akanunua mapazia.

Jumapili moja ya mvua alikwenda kuyatundika. Mlango wa chumba ukagoma kufunga. Akakitazama kioo: kizima, tarehe ileile. Akakigusa. Plasta ya miezi mitatu ikamganda kidoleni, mbichi.

Fundi alipoulizwa, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri, hakukana. Alitoa kopo chini ya kitanda, ndani mna vioo vilivyopasuka, kila kimoja kimechorwa tarehe kilipovunjika. Akasema mama aliapa kwamba akitolewa kwenye nyumba aliyojenga marehemu mumewe, atakufa. Yeye angefanyaje?

"Umebadilisha mara ngapi?"

"Saba."

Mtafiti alivipanga mezani. Cha kwanza kilidumu wiki tano. Cha mwisho, siku mbili.

"Mtoe mama," akasema. "Na majirani. Leo hii."

Walimtoa mama mvuani huku analia. Mtafiti akapita mlango kwa mlango akisema amekosea yeye, kipimo chake hakikuwa sawa. Walimtukana, akaenda mlango uliofuata. Jina la fundi hakulitaja, hata ofisini walipomsimamisha kazi.

Jumatano ukuta wa nyuma ulianguka, mapazia na vyote. Ndani hamkuwa na mtu. Mama alikuwa kwa dada yake, haongei na mwanawe.

Fundi alimfuata mtafiti kwake na pete mfukoni, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Akamwomba radhi, akamwomba uchumba, yote kwa pumzi moja. Mtafiti alimkalisha, akamshika mkono.

"Nakupenda," akamwambia. "Hilo sikufichi. Lakini siku tutakapopata mtoto, ukaniambia amelala, nitakwenda kumgusa nione kama anapumua. Siwezi kuishi hivyo, fundi."

"Sitarudia, mpenzi. Naapa."

"Najua. Na bado nitakwenda kumgusa."

Alimsindikiza mpaka getini, wakasimama pale muda mrefu, wote wawili wakilia. Asubuhi yake, saa ya simu ilipofika, fundi aliishika simu mkononi mpaka saa ikapita. Duka lilijaa wateja. Akawaomba wasubiri kidogo.