Glavu za Mahameli

Zipu ya gauni la msusi ilikatika katikati ya soko la nguo, watu wamebanana kama dagaa, na mikono yake yote miwili imebeba mifuko ya nywele za kusukia.

"Dada, usigeuke," sauti ya kiume ikamwambia kwa nyuma. "Ukigeuka, soko zima litafunga biashara lije kutazama."

"Na wewe unatazama nini?"

"Mimi fundi cherehani. Natazama kikazi."

Msusi alicheka kabla hajakasirika. Fundi akamshonea palepale wamesimama, sindano ikipita karibu na ngozi bila kuigusa. Alikataa pesa, akaomba namba ya simu.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, na mdomo umejaa nywele za watu?"

Siku moja msusi alimwambia kwamba hajawahi kuona barafu ila ya kwenye friji.

"Basi nitakupeleka hifadhi ya mlimani, ukaione iliyolala tangu enzi za mababu."

Fundi alimshonea koti jekundu, na glavu za mahameli nyeusi zenye shanga kwenye vifundo. Getini, askari mzee wa hifadhi alizipapasa, akaguna.

"Binti, hizi ni za harusini. Chukua zetu za kukodi, zile nene."

"Mchumba wangu avae glavu zilizojaa jasho la kila mtu?" fundi akadakia. "Hizi nimezishona mwenyewe, mzee wangu."

Askari akamtazama msusi. Msusi akainua mikono yake miwili, akatabasamu, akasema zinatosha.

Barafu ilikuwa ukuta wa buluu unaovuja maji. Aliigusa kwa viganja vyote, akapigwa picha, na mahameli ikanywa maji. Kisha ukungu ukashuka ukaifuta njia. Walitembea kwa kupapasa, wakijishikiza kwenye miamba yenye theluji, upepo ukiwachapa.

"Mikono haipati baridi?" fundi aliuliza kila mara.

"Glavu ziko joto, mpenzi."

Mpaka askari wa hifadhi walipowafikia, msusi alikuwa hasikii tena vidole vyake.

Hospitalini walikata vitatu, vya mkono wa kulia. Siku bandeji ilipofunguliwa, fundi alitazama mara moja, akatoka wodini kama anayekwenda kununua maji, asirudi. Simu yake ikaita mpaka ikachoka.

"Kakimbia kilema," dada yake msusi alisema, akifagia saluni isiyo na wateja. "Wanaume wengine wanapenda mwili mzima tu, mdogo wangu."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwishowe akalikunja lile koti jekundu, akalipeleka kwa mwenyewe.

Alimkuta fundi chumbani kwake, amekonda, cherehani imegeuziwa ukutani.

"Nimekuja kukurudishia koti. Sivai nguo ya mtu ninayemtia kinyaa."

"Kinyaa?" Fundi aliinuka. "Mikono hii ndiyo iliyokukata vidole! Yule mzee wa getini alisema, nikajitia kujua. Tangu siku ile sijashika mkasi. Ningekutazamaje usoni?"

Msusi alilikumbatia koti kifuani. Kisha akasema lile ambalo hata dada yake hakuwa amelisikia.

"Nilijua zile glavu hazifai. Vidole viliniuma, nami nikakwambia ziko joto."

"Kwa nini?"

"Ulishajisifu mbele ya watu. Sikutaka uaibike."

Fundi alipiga magoti, akalia kama mtoto.

"Nitakuoa. Hata kesho. Nitakulisha, nitakufulia, nitakulipa maisha yangu yote..."

"Inuka," msusi akamkatiza. "Hiyo ni rambirambi, si posa. Na mimi sijafa."

Fundi hakuinuka. Aliketi sakafuni, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Nje, magari yalipigiana honi. Msusi akaanza kuwaza kwamba mlango uko hatua chache tu.

"Vinauma?" fundi aliuliza, taratibu.

"Vinauma. Hasa vile ambavyo havipo."

"Nionyeshe."

Msusi akaketi karibu naye. Kwa mkono wa kushoto akaonyesha hewani, juu ya kovu, pale kidole cha kati kilipokuwa kinaishia. Fundi akakutanisha viganja vyake viwili kuzunguka pale penye utupu, akapulizia ndani pumzi ya moto polepole, na msusi hakuuondoa mkono.