Mchumba Aliyeitwa Shahidi

“Utawaambia ulichosikia?”

“Si nimekuja? Ningekuwa sitaki kusema, ningekuja?”

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la mbao, nje ya chumba cha mikutano cha ofisi ya elimu. Mwanamke alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwanamume aliyekaa naye, mchumba wake, alikuwa mwalimu wa historia, na tangu wafike hapo alikuwa anailegeza tai yake na kuikaza tena. Waliopita kwenye korido waliwatupia jicho, wakaenda hatua chache, wakawatupia la pili. Mwanamke mweusi na mwanamume mweupe, wameshikana mikono.

Mwanzoni mwa uchumba wao mwanamke alikuwa akiuondoa mkono wake wakipita watu. Mwanamume ndiye aliyekuwa akiufuata na kuushika tena. Kwa jambo hilo moja tu alimpenda, mengine yalikuja baadaye.

Kisa kilichowaleta pale kilianza na mtoto. Kadogo, binti wa dada yake mwalimu wa hesabu, aliishi na mama yake mdogo kwa sababu mama mzazi alikuwa muuguzi mji wa mbali. Alikuwa mtoto wa maswali. Ukimpa hesabu ngumu anajilamba midomo kama amepewa pipi, na darasani hapakuwa na wa kumfikia. Ulipofika wakati wa kuwagawa wanafunzi, wengine mkondo wa sayansi, wengine mkondo wa ufundi, mwalimu wa hesabu aliambiwa asiingie kwenye kikao kwa kuwa ana ndugu yake kati ya wanafunzi. Alikubali. Mchumba wake aliingia.

Jioni ile mchumba alirudi uso umemwiva kwa hasira. Alimsimulia kwamba Kadogo amepelekwa ufundi, pamoja na karibu watoto weusi wote, waliofaulu na wasiofaulu. Mwalimu mmoja alipouliza kulikoni, mkuu wa shule alijibu kwa upole, kama daktari anayezungumza na jamaa wa mgonjwa. Alisema watoto wa watu hawa huanza kwa kasi halafu akili inachoka njiani, na ni ukatili kuwapa ndoto ambazo si saizi yao. Vichwa vikatikiswa kukubali, kikao kikaendelea.

“Na wewe ulisema nini?” mwalimu wa hesabu alimuuliza.

“Nilipigwa na butwaa. Lakini ukipeleka malalamiko, nitasimama na wewe. Nitarudia neno kwa neno.”

Basi akapeleka. Marafiki walimwonya, na mama yake akampigia simu. Mama hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

“Mwanangu, huyo kijana simchukii. Anakupenda, hata kipofu anaona. Lakini kukupenda ni kitu kimoja, kugombana na watu wake kwa ajili yako ni kitu kingine.”

“Mama, huyu humjui.”

“Haya. Mimi nimemaliza.”

Mlango wa chumba cha mikutano ukafunguliwa, wakaitwa.

Ndani walikuta wajumbe wa jopo wameketi upande mmoja wa meza ndefu, na mkuu wa shule pembeni, mikono ameikunja mapajani. Mwalimu wa hesabu alieleza yote bila kutetemeka. Mwenyekiti akamshukuru, akasema kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwepo kikaoni, wangependa kumsikia aliyekuwepo.

Mwalimu wa historia alisafisha koo.

“Siku ile yalizungumzwa mengi,” alisema. “Kusema kweli sikumbuki kusikia maneno hayo. Inawezekana nilipomsimulia mwenzangu, kwa uchungu aliokuwa nao juu ya mtoto, alielewa vingine.”

Mwalimu wa hesabu alimgeukia. Hakuamini kwamba ni yeye anayesema. Alimtazama mdomo kana kwamba sauti inatoka kwa mtu aliyejificha nyuma yake. Mwanamume hakugeuka.

Mkuu wa shule akaomba nafasi. Alisema hana kinyongo na mtu, anauelewa uchungu wa mlezi, na shuleni kwake hawaoni rangi, wanaona watoto. Mwenyekiti alifurahishwa na neno hilo, na shauri likafungwa hapo.

Wakaingia garini, wakakwama kwenye foleni.

“Sema kitu,” mwanamume alisema.

“Umewaambia mimi ni mwongo.”

“Sijasema hivyo. Nimesema ulielewa vingine.”

“Mbele ya watu ambao tayari wanaamini kwamba sisi tunaelewa vingine.”

Mwanamume alishusha pumzi. Alieleza kwamba angesema kweli wangefukuzwa wote wawili, na harusi ilikuwa mlangoni. Alifanya vile kwa ajili yao.

Kabla hajamaliza, simu yake ikaita. Ilikuwa imeunganishwa na spika za gari. Aliiwahi ili kuikata, kidole kikabonyeza kupokea, na sauti ya mkuu wa shule ikajaa garini, nyororo na ya furaha.

“Hongera, kijana wangu. Najua haikuwa rahisi. Sasa jiandae, ile nafasi ya naibu tuliyoongea Ijumaa, ni yako.”

Aliikata akiwa amechelewa. Magari ya mbele yalisogea, yeye hakusogea. Nyuma wakaanza kupiga honi.

“Ijumaa,” mwanamke alisema taratibu. “Ijumaa uliniletea maua.”

“Nisikilize. Nikiwa naibu nitaweza kubadilisha mambo kutoka ndani. Nje utabadilisha nini?”

“Wote mnaoingia husema hivyo. Mlango ukifungwa, hatuwasikii tena.”

Akafungua mlango wa gari, akashuka katikati ya foleni ile, akaenda zake kwa miguu.

Meseji zilimfuata siku nzima. “Tafadhali pokea.” “Nimekosa, lakini nilikosa kwa mapenzi.” “Niambie nifanye nini.” Hiyo ya mwisho aliijibu: “Rudi kwa mwenyekiti ukaseme kweli.” Alama zikaonyesha imesomwa. Jibu halikuja.

Barua ya uhamisho wake ndiyo iliyokuja. Ilisema anahitajika zaidi kwingine.

Kabla hajaondoka, ofisi ya elimu iliagiza shule ifanye semina ya kuelewa ubaguzi, ili ionekane malalamiko hayakupuuzwa. Mwezeshaji alikuwa naibu mpya wa mkuu wa shule. Mwalimu wa hesabu alilazimika kuhudhuria kama wengine, akakaa safu ya nyuma.

Naibu alizungumza vizuri. Alieleza jinsi taasisi inavyoweza kumuumiza mtu bila yeyote kuinua sauti, na jinsi mtoto anavyojifunza mahali pake kwa kuangalia nani amekaa wapi. Kisha akasimulia habari za rafiki yake mmoja mweusi, aliyekuwa akiuondoa mkono wake kwenye mkono wa mpenzi wake kila watu walipopita. Mwalimu wa sanaa alijifuta machozi.

Mwalimu wa hesabu alinyoosha mkono.

“Huyo rafiki yako,” aliuliza, “alipohitaji mtu wa kumsemea, wewe ulifanya nini?”

Naibu aliinamisha macho kwenye karatasi zake, akazipanga, akazipangua. Mkuu wa shule akainuka akitabasamu.

“Swali zuri sana. Tutalirudia baada ya chai.”

Baada ya chai hawakulirudia.

Mwanamume alimfuata kwenye korido, akamwomba asimame kidogo tu. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyepata usingizi, na hilo lilimuuma mwanamke kuliko alivyotaka.

“Bado nakupenda,” alisema.

“Najua. Hilo ndilo linalonitisha. Ungekuwa hunipendi ningeelewa. Sasa kama anayenipenda amenitenda hivi, wasionipenda niwategemee nini?”

Mwanamke akavua pete, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja kama anavyofungwa mtoto. Akauondoa mkono wake kama zamani, na safari hii mwanamume hakuufuata.

Katika shule mpya, mwalimu wa hesabu aliomba Kadogo apokelewe mkondo wa sayansi. Walimpokea kwa heshima, wakasoma faili, wakasema linaonyesha ufundi, na si vizuri kupinga uamuzi wa wenzao. Ofisi ya elimu ikamjibu kwamba shauri hilo limekwisha. Dada yake alisafiri kuja kumwona mkuu wa shule ya zamani, akakaribishwa chai na kuambiwa mtoto wake ana mikono ya dhahabu. Alirudi akiwa hajui kama ashukuru au alie. Wazazi wengine waliombwa waungane, wakasema wana watoto wengine pale na hawataki kuwaponza.

Ikabaki kumfundisha nyumbani. Mwanzo Kadogo alikubali, akipiga miayo. Jioni moja alisukuma karatasi kando.

“Mama mdogo, hizi za nini? Hizi ni za wale.”

“Wale akina nani?”

Mtoto alimshangaa, kama mtu anayeulizwa jua linachomoza upande gani.

“Wale weupe. Sisi tunagundisha mbao.”

Hakusema kwa hasira wala kwa huzuni. Akainuka kwenda kubandua gundi iliyomkaukia vidoleni, na maji yakasikika yakitiririka bafuni.

Simu ikaita mezani. Jina la mwalimu wa historia lilikuwa bado limehifadhiwa kama zamani, na ule moyo mwekundu pembeni. Mwalimu wa hesabu aliiangalia ikiita, ikaita, mpaka ikanyamaza yenyewe. Ndipo machozi yakamtoka, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angependa kumweleza alichosema mtoto.