Jumamosi za Kigongo

Maiti ya Protais ilikutwa Jumapili asubuhi imelala kifudifudi, nusu mchangani, nusu majini, huku viwimbi vya ziwa vikimsukuma bega taratibu. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Viatu vyote viwili vilikuwa miguuni.

Inspekta Modeste alichuchumaa kando yake. Nyuma yake, watu waliolala katika nyumba ya pwani walikuwa wamekusanyika wakiwa na mashuka mabegani, na kila mmoja alikuwa na maelezo yaleyale: Protais, rafiki wa siku nyingi wa wenye nyumba, alikwenda kunawa jua likizama, giza likaingia, wakadhani amekwenda kulala. Kumbe amezama.

Modeste aliwasikiliza, akatazama tena viatu. Kisha akamgeuza maiti. Povu lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo, na mboni za macho zilikuwa zimesinyaa mno, vinukta viwili tu.

"Asiguswe na mtu," alisema. "Anakwenda hospitali."

Nyumba ile aliijua. Ilikuwa ya Herménégilde, fundi wa injini za mitumbwi pale bandarini, na mkewe Célestine, mwuza vitenge. Waliijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma huko Kigongo, kusini kidogo mwa Uvira, na kila kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza, hawakukosa Jumamosi hata moja. Herménégilde alipakia watu kwenye kamyoneti yake, gari dogo la mizigo: ndugu zake wa bondeni wanaozungumza Kirundi, ndugu za mkewe Wavira wa ziwani, majirani, marafiki wa marafiki. Walichoma mikeke, samaki wa ziwa lile, wakasonga ugali wa muhogo, watoto wakaoga ziwani, wazee wakacheza karata. Jumapili jioni walirudi mjini.

Vita vilipoanza, watu walidhani jambo lile litakufa. Halikufa. Mwaka huu, 2000, vita vya pili vilikuwa vimekwisha kuzoeleka kama homa, na mjini mtu wa bondeni na mtu wa ziwani walikuwa wakipishana bila kusalimiana. Kigongo waliendelea kula sahani moja. Modeste mwenyewe aliwahi kualikwa, baada ya mkewe na watoto kuvuka ziwa na kukimbilia kambi za Tanzania. Alikaa karibu na moto, akacheka, akasahau kwa saa chache kwamba nyumbani kwake hakuna mtu.

Ndiyo maana aliona vibaya kuwahoji. Lakini aliwahoji.

Komanda wa mji hakutaka. Alimwita ofisini siku ileile, akamwambia afunge jalada. Mlevi amekufa maji, watu wangapi wanauawa kila juma barabara ya Luvungi na hakuna anayefungua jalada? Modeste alijibu polepole kwamba wale wa barabarani wanauawa na wenye bunduki, na yeye haruhusiwi kuwauliza. Huyu huenda ameuawa na mtu asiye na bunduki. Kama na mtu huyo hawezi kumuuliza, basi avue kofia akalime.

Komanda alimtazama, akapunga mkono. Modeste alichukulia kwamba ameruhusiwa.

Dokta Generose alimaliza uchunguzi wa maiti Jumatatu mapema. Alinawa mikono akiongea.

"Hakuzama. Mapafu hayana maji."

"Pombe?"

"Hata tone. Ni sumu. Kwa macho yale na povu lile, ni dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu. Na tumboni mlikuwa na uji tu."

"Alikufa haraka?"

Daktari alikausha mikono kwanza. "Hapana, Inspekta. Aliumia sana, na akili zake zilikuwa timamu."

Wakati wa vita vya kwanza, mashamba mengi ya pamba ya bonde la Ruzizi yalikuwa yameachwa, na dawa yake ilikuwa imebaki katika ghala za watu wengi. Kuitafuta nyumba kwa nyumba kusingemfikisha mahali. Modeste aliufuata uji.

Fabiola, rafiki wa Célestine, mjane kijana aliyekuwapo Kigongo, hakuficha kitu. Alisema Protais alikuwa na vidonda vya tumbo. Hakugusa pombe, samaki wala pilipili. Célestine alimpikia uji wa mtama wenye asali na mchaichai, akamwekea katika termosi yake peke yake, kila Jumamosi, miaka nenda rudi. Watoto walikatazwa kuigusa termosi ile.

Kabla Modeste hajaamua la kufanya na habari hiyo, Herménégilde aliingia kituoni mwenyewe. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Alisimama mbele ya meza, akakataa kukaa.

"Minye njo nilimuua Protais," alisema. "Ni mimi."

"Ulimuuaje?"

"Nilimupiga na kasia. Nikamusukuma mu maji."

"Ulimpiga wapi?"

"Ku kichwa. Nyuma."

Modeste aliweka kalamu chini. Kichwa cha Protais kilikuwa kizima. Hakukuwa na hata mkwaruzo. Alimwambia hivyo, kwa upole, akamwona mwanamume yule mpana akitafuta kiti ambacho alikuwa amekikataa.

"Papa Herménégilde, weye iko naficha nani?"

Herménégilde alirudia habari ya kasia, siku nzima. Na Modeste aliyekaa naye alielewa kwamba mtu huyu hakuambiwa chochote na mkewe. Alikuwa amekisia tu, kama yeye mwenyewe alivyokisia. Kilichokuwa hakijulikani kwa wote wawili ni sababu. Célestine na Protais walikuwa wamependana kama ndugu wa tumbo moja. Protais alimsimamia harusi. Alimwita "yaya", dada mkubwa.

Basi akaanza kuuliza Protais alikuwa akifanya nini siku nyingine zisizo Jumamosi.

Wanaojua safari za watu ni wanawake wanaobeba biashara kwa miguu. Sokoni alimpata Claudette, mwuza nyanya, ambaye kila juma hupita njia ya Mutarule. Alikuwa akipanga nyanya zake, na hakuacha kupanga. Ndiyo, alikuwa akimwona Protais huko mara nyingi, siku za Jumatatu, akielekea upande wa vichaka ambako wenye bunduki wameweka kambi. Alidhani ana shamba huko.

Kisha akasimulia jambo jingine, kwa sababu lilikuwa bado linamtetemesha. Juma lililopita watu wa vichakani walimsimamisha njiani. Hawakutaka nyanya. Walimuuliza habari za mtu mmoja, Rémy, binamu wa Célestine wa Kigongo, ambaye angepita pale siku ile na mzigo wa chumvi kwa baiskeli.

"Ukawaambia nini?"

"Ningebaambia nini? Minye simujue. Waliniacha. Nilifika Uvira, nikaenda kumwambia Célestine amuonye binamu yake."

"Naye alisema nini?"

Claudette aliacha nyanya. "Hakusema kitu. Alikaa chini, pale pale mu vumbi, na kitenge kipya."

Modeste alirudi kituoni, akamuuliza Herménégilde kama mkewe ana binamu aitwaye Rémy. Herménégilde alishangaa. Ukoo wa mkewe aliujua wote, wazima na wafu. Rémy hakuwamo.

Inspekta alitoka nje, akaegemea ukuta, akaiwaza habari hiyo. Wenye bunduki walikuwa wamemvizia mtu ambaye hajazaliwa. Mtu huyo aliumbwa na mdomo wa Célestine, na ni sikio moja tu lililompokea na kumpeleka vichakani. Akakumbuka Ezéchiel, mdogo wake Célestine, muuguzi, aliyeuawa barabara ya Luvungi Juni iliyopita akipeleka dawa za watoto. Wikendi moja kabla, familia ilikuwa imekusanyika Kigongo. Akamkumbuka mume wa Fabiola, kiangazi cha mwaka jana. Wikendi moja kabla. Akajikumbuka mwenyewe karibu na moto ule, akieleza kwa kicheko doria zinapopita na zisipopita.

Hata hivyo hakumwita Célestine bado. Alikwenda kwanza Kavimvira kwa Gloriose, dada mkubwa wa marehemu, kwa sababu hakuona Protais alipata faida gani. Aliishi kwenye chumba kimoja. Alivaa shati lilelile. Msaliti wa namna gani hana hata godoro?

Gloriose alimkaribisha, akafunga mlango, akalia kabla ya kuulizwa. Akaeleza kwamba Délice, binti pekee wa Protais, ambaye majirani waliambiwa yuko shule ya bweni Bukavu, hakuwahi kufika Bukavu. Wenye bunduki walimchukua njiani, akiwa na begi la shule, mwaka juzi. Baba yake alimfuata mpaka kambini. Walimwambia: leta habari, atakula. Usipoleta, hutamwona. Ukisema kwa mtu, utaletewa kichwa chake.

"Kila Jumatatu alikuwa anamuona kidogo," Gloriose alisema. "Kwa mbali. Anarudi hapa, anatapika damu. Nilimwambia, mwambie Célestine. Alisema Célestine angempenda bado, na hilo asingelivumilia."

Modeste alimwita Célestine Jumatano asubuhi. Alikuja peke yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alimwomba maji, akanywa, akamuuliza kama mumewe amekula.

"Amekula. Amesema ni yeye aliyeua."

"Ni mwongo."

"Najua. Mama Célestine, Rémy ni nani?"

Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka kubeba. Hakujaribu kuzunguka. Alieleza kwamba baada ya kumzika Ezéchiel alikaa siku nyingi akihesabu nyuso za Jumamosi. Alimshuku kila mtu. Alimshuku mpaka mume wake, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kisha akawa anamwambia kila mmoja uongo wake, faraghani, mmoja mmoja, akisubiri. Wa mwisho alikuwa Protais. Alimtungia Rémy na chumvi yake akiwa na hakika kwamba hakuna litakalotokea, ili apate angalau mtu mmoja wa kumwamini.

"Na likatokea."

"Claudette akaja kunionya."

"Ungeweza kuja kwangu."

"Kufanya nini, Inspekta? Ungemupeleka kwa komanda. Na komanda angemufanya awe mupelelezi wake." Alisukuma bilauri ya maji pembeni. "Hukuelewa. Ile Kigongo ni minye niliilazimisha. Bwana yangu alitaka tuache, vita vilipoanza. Nilimwambia hapana, batu wakiacha kula pamoja watauana. Niliwaita. Nilimwita Ezéchiel, hakutaka kuja siku ile, alichoka. Nilimtumia mtu wa kumleta. Nilipika, nikawakalisha, wakafungua midomo yao kwa sababu kwangu walijiona salama. Na kila neno lilikwenda vichakani. Minye njo nilikuwa mutego."

"Kwa hiyo ukatia dawa kwenye uji."

"Ndiyo."

"Alijua?"

"Alipomaliza kikombe cha pili alinitazama. Akaenda ku maji. Aliniita. 'Yaya,' aliita. Aliita tena. Watoto walikuwa wanaimba nyumbani, hakuna mtu alisikia. Minye nilisikia. Nilibaki nimesimama, nikamuangalia mpaka akanyamaza."

Modeste alikuwa na la kumwambia, na alilishikilia kwa muda. Sheria haikumtaka alitaje. Maungamo alikuwa nayo, sababu alikuwa nayo. Lakini alijua Célestine atalisikia siku moja gerezani, kwa mdomo wa mtu asiyemjali. Akamwambia habari za Délice, zote, kama Gloriose alivyozisimulia.

Célestine hakulia. Alikunjamana polepole mpaka paji la uso likagusa meza. Alipoinua kichwa, alikuwa mtu mwingine, mzee.

"Nilimuogesha yule mutoto siku alipozaliwa," alisema. Kisha: "Sasa nani atakwenda Jumatatu?"

Hakuna aliyekwenda. Herménégilde aliachiwa, Célestine akapelekwa gereza la mji, na Modeste alimsihi padri mmoja wa bondeni aende kambini kuuliza. Padri alirudishwa njiani kwa risasi za hewani. Juma likapita, na jingine. Modeste alianza kumwona yule binti katika kila maiti iliyoletwa kutoka Ruzizi.

Lakini vita vina mambo yake yasiyo na maana. Kambi ilihamishwa milimani, na binti ambaye baba yake haleti tena habari alionekana mzigo. Walimwacha barabarani. Alitembea mpaka Uvira, miguu imevimba, na hakwenda kwao wala kwa shangazi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Célestine, kwa sababu baba yake, katika dakika zile za kuonana kwa mbali, alikuwa amempazia sauti neno moja tu: wakikuacha, nenda kwa Mama Célestine.

Herménégilde alimfungulia. Alimpa maji ya kuoga, akamlisha, akatuma Modeste aitwe. Mbele ya inspekta alimweleza msichana kila kitu bila kuacha. Délice alisikiliza huku akitazama sahani. Herménégilde alipomaliza, msichana alimgeukia inspekta na kumuuliza swali moja.

Siku iliyofuata Modeste alikwenda gerezani. Célestine aliletwa uani, akasimama juani.

"Délice amefika," alimwambia. "Mzima. Yuko kwenu."

Célestine alishika ukuta. "Anajua?"

"Anajua. Bwana yako alimwambia."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza kama baba yake aliumia."

"Na weye?"

"Nilimwambia hapana. Nilimwambia alilala tu."

Célestine alimtazama kwa muda mrefu. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyekuwapo pale ufukweni, akasikia, akaona.

"Aksanti," alisema, akarudi ndani.